Posti ni Yako, Makala ni ya Nani?

Mwaka 2002, miezi michache kabla ya Moi kuondoka Ikulu, Bunge la Kenya lilibadilisha sheria ya vitabu na magazeti. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuchapisha gazeti aliweka dhamana ya shilingi 10,000. Baada ya hapo ikawa shilingi milioni moja. Ukichapisha bila dhamana unashtakiwa, na hata yule kijana anayeuza nakala zako kando ya barabara anaweza kubebwa pia. Kila mtu alijua sheria imemlenga nani: vile vijigazeti vidogo vya Nairobi vilivyochanganya siasa na udaku, ambavyo wakubwa walivichukia hadharani na kuvisoma faraghani.

Wakati huohuo, kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Pyra Labs ilikuwa na huduma inayoitwa Blogger, iliyoanza 1999. Ilikuwa bure. Februari 2003 Google ikainunua. Kwa hivyo, ndani ya mwaka mmoja, bei ya ukurasa ilienda pande mbili. Kwenye karatasi ilipanda mara mia. Kwenye skrini ilishuka hadi sufuri, ukiondoa pesa ya saiba.

Ninaanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo jibu langu mtu akiniuliza posti ya blogu na makala vinatofautiana vipi. Na mimi huulizwa sana, maana hilo ndilo linalonilipia nyumba. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kutosha, na tangu hapo naandikia watu wa mbali kutoka hapa Machakos, chumba kimoja chini ya milima ya Iveti, laptopu na bandali. Mteja akileta kazi huwa anaandika wazi: hii ni posti, ile ni makala. Posti iwe maneno mia sita au mia nane, aya fupi, uongee na msomaji kama beste yako. Makala yawe marefu, yenye utafiti, nafsi ya kwanza isionekane. Posti inalipa kidogo, makala yanalipa kidogo zaidi ya kidogo.

Maelezo hayo si ya uongo. Ila yanaishia kwenye urefu na sauti, na historia yetu inaonyesha kwamba urefu na sauti ni mavazi tu. Tofauti yenyewe iko kwenye maswali mawili. Nani anasimama kati ya mwandishi na msomaji? Na jambo likiwaka, nani anaitwa?

Hebu turudi nyuma kidogo. Neno "makala" limetoka kwa Kiarabu, na shina lake ni la kusema. Makala ni kitu kilichosemwa. Lakini kwa miaka mingi, mtu wa kawaida Afrika Mashariki hakuwa na pahali pa kusemea kwenye maandishi ila ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Tanganyika, serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923. Huku Kenya, wenye East African Standard walianzisha Baraza, gazeti la Kiswahili, mwaka 1939. Yalikuwa magazeti ya wenye nchi na wenye pesa, lakini yalikuwa na ukurasa wa barua na mashairi, na hapo ndipo walimu, makarani na wanafunzi wa misheni walijaa. Walibishana kuhusu mahari, lugha, mavazi, adabu za vijana. Walijibizana kwa mashairi, huyu wiki hii, yule wiki ijayo. Shaaban Robert mwenyewe alitoa mashairi yake Mambo Leo kabla jina lake halijawa la vitabuni.

Ukizisoma tabia za ukurasa ule, unaona kitu unachokifahamu: nafsi ya kwanza, hasira ya jana, salamu kwa wenzako, mtu wa Tanga anamjibu mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kumwona. Ni posti na majibu yake. Kilichokosekana ni kimoja tu. Mlango ulikuwa na bawabu. Mhariri ndiye aliyeamua barua gani iingie, na mhariri alikuwa na bosi.

Na ukikosa mlango? Machakos tunalo jibu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi. Ikaanza kuwachukua kwa lazima na kuwauza mnadani kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikisubiri Athi River. Wazee wetu wakaunda chama, Ukamba Members Association, sauti yake ikiwa Muindi Mbingu. Waliandika malalamiko kwa wakubwa, hadi London. Lakini gazeti la kwao hawakuwa nalo, na yaliyokuwepo hayakuwa yao. Basi mwezi Julai maelfu yao, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi, wengi kwa miguu, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakimdai gavana. Muindi alikamatwa na kupelekwa Lamu kifungoni, mbali kabisa na watu wake. Hata hivyo, mpango wa kunyang'anya ng'ombe ukaachwa.

Leo ukienda katikati ya Nairobi kuna barabara yenye jina lake, na watu wanapita hapo wakikimbilia basi bila kujua ni nani. Mimi humfikiria mara nyingi nikisikia mtu akisema ati blogu zilileta "sauti ya wananchi". Sauti ilikuwepo. Wananchi walikuwa na hoja, takwimu za mifugo yao wenyewe, na ujasiri. Walikosa ukurasa ambao hakuna mtu angeweza kuwafungia, ndiyo maana walilazimika kujifanya ukurasa wenyewe, miili yao ikiwa ndiyo herufi.

Miaka saba baadaye akatokea mtu aliyeukata huo mnyororo. Henry Muoria, mzaliwa wa Kabete, alikuwa gadi wa reli. Hakuwa amesomea uandishi chuoni. Alijifunza kwa kozi ya posta kutoka Uingereza, masomo yanakuja kwa bahasha. Mwaka 1945 alianzisha gazeti la Kikuyu, Mumenyereri, yaani mlinzi. Aliandika, akahariri, akatafuta matangazo, akasambaza. Gazeti lilikua hadi likawa mojawapo ya yaliyosomwa sana na Waafrika wa Kenya. Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, Muoria alikuwa London. Gazeti likapigwa marufuku, naye akaishi uhamishoni huko hadi kifo chake mwaka 1997.

Kwa vigezo vya mteja wangu, Mumenyereri lingewekwa wapi? Lilikuwa gazeti, lina tarehe na bei. Lakini pia lilikuwa mtu mmoja asiye na cheti anayeongea na watu wake kwa lugha yao bila kuomba ruhusa ya mhariri mzungu. Ninasema Muoria alikuwa mwanablogu kabla umeme haujafika kwao. Na alilipa kwa njia ambayo mwanablogu hulipa: jambo lilipowaka, hakukuwa na kampuni ya kusimama mbele yake.

Baada ya uhuru mlango haukufunguka sana. Kulikuwa na njia mbili. Moja ni kuingia ndani ya gazeti kubwa na kuficha ukweli kwenye kicheko. Wahome Mutahi alifanya hivyo na safu yake ya Whispers. Aliandika kuhusu mke wake Thatcher, watoto wake, chang'aa, mfuko mtupu, mzee wa mtaa. Kila Jumapili mtu mzima akicheka mbele ya taifa. Ilikuwa nafsi ya kwanza tupu, ndani ya gazeti la watu wenye suti. Mwaka 1986 alikamatwa katika msako wa Mwakenya na akafungwa.

Njia ya pili ilikuwa karatasi isiyo na jina. Mwaka 1982 kulikuwa na Pambana, kijigazeti cha siri kilichopita mkono kwa mkono. Hakuna jina la mwandishi, hakuna anwani. Hapo hata kusoma kulikuwa kosa. Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa Kenyatta, alihukumiwa miaka sita mwaka huohuo kwa kupatikana na chapisho la "uchochezi". Si kuandika. Kupatikana nalo. Sheria ya uchochezi iliondolewa vitabuni mwaka 1997, baada ya presha nyingi ya mageuzi. Kwa hivyo kizazi kilichokuja kufungua blogu za kwanza za Kenya kilikuwa kimekulia kwa wazazi waliojua kuchoma karatasi usiku.

Sasa tuje kwa kisa ambacho kinahusu majarida kama hili. Mwaka 2001 Binyavanga Wainaina alichapisha hadithi, "Discovering Home", kwenye jarida la intaneti. Akaituma kwa tuzo ya Caine. Mwanzoni waandalizi hawakutaka kuipokea kwa sababu haikuwa imechapwa kwenye karatasi. Binyavanga akawajibu kwa ukali: kwani Afrika ina majarida mangapi ya fasihi ya karatasi ambayo mwandishi mchanga anaweza kutokea? Wakakubali. Akashinda, 2002, mwaka uleule wa dhamana ya milioni. Kutokana na ushindi huo, mwaka uliofuata Kwani? ikazaliwa.

Angalia vizuri kilichotokea pale. Maneno hayakubadilika hata moja. Kabla ya tuzo yalikuwa "kitu cha mtandaoni", baada ya tuzo yakawa fasihi. Maandishi ni yaleyale. Kilichobadilika ni watu waliokubali kuyashuhudia. Huu ndio ukweli ambao mimi, mtu asiye na digrii, siwezi kuusahau. Wakati mwingine "makala" ni posti ambayo mtu mwenye cheo ameikubali.

Basi blogu zikaja. Upande wa Kiswahili, Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa Marekani, alianzisha Jikomboe mwaka 2004, na kundi lake la wanablogu wa mwanzo likapenda kuita blogu "gazeti tando". Napenda jina hilo. Wao hawakuona kwamba wanaandika kitu kidogo kuliko gazeti. Huku Kenya, Ory Okolloh, mwanasheria, alikuwa na blogu yake, Kenyan Pundit. Mwaka 2006 yeye na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge wanasema nini na wanafanya nini, wakati ambapo tovuti ya Bunge lenyewe ilikuwa imezimwa baada ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao unaonekana na kila mtu.

Mwaka huohuo, usiku wa Machi 2, polisi waliofunika nyuso walivamia Standard Group, wakachoma magazeti na kuzima KTN. Hapo ndipo unaona udhaifu wa karatasi: iko pahali pamoja, inashika moto. Halafu ikaja Desemba 30, 2007. Matokeo ya urais yametangazwa, nchi inaanza kuungua, na serikali inapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Runinga zikarudi kwa muziki na sinema. Kwa siku zile, watu wengi walioweza kufika kwa intaneti walimsoma Okolloh na wenzake. Alikuwa akiandika anachokiona, anachotumiwa na wasomaji, na anachoogopa. Mwanzoni mwa Januari aliandika kwenye blogu akiuliza kama kuna mtu wa teknolojia anayeweza kutengeneza ramani ya matukio. Ndani ya siku chache Ushahidi ilikuwa hewani, kazi yake, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine. Ujumbe wa simu kutoka vijijini ukawa nukta kwenye ramani.

Hakuna gazeti lingechapisha aya ile. Haikuwa habari wala uchambuzi. Ilikuwa swali la mtu aliyechoka. Lakini posti inaruhusu swali lisilo na jibu, na mara moja moja swali hilo linafanya kazi ambayo ripoti ya kurasa mia haiwezi.

Lakini nisiimbe wimbo wa upande mmoja. Kobia huyohuyo alikuwa na jukwaa la Wakenya lililoitwa Mashada, na Januari hiyohiyo alilazimika kulifunga kwa sababu ya chuki za kikabila zilizojaa mle. Teknolojia ilikuwa moja, wiki zilikuwa zilezile. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia zile, na maneno yaliyosukuma mikono mingine hayakupitia kwa mhariri yeyote. Bawabu anakera, lakini kuna usiku ambapo unamtamani. Mhariri mzuri si yule anayekuzuia kusema. Ni yule anayekuuliza "umejuaje?" kabla msomaji hajaumia.

Baadaye nchi iliandika Katiba mpya, 2010, na humo tofauti yetu ikapata namba. Ibara ya 33 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Ibara ya 34 inavipa vyombo vya habari uhuru wao. Posti inalala kwenye 33, makala ya gazeti yanalala kwenye 34 na 33 kwa pamoja. Kwa maandishi, zote mbili zina nguvu. Kwenye kituo cha polisi mambo ni mengine. Mwanahabari ana kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari, ana mhariri wa kupiga simu saa nane usiku, ana wakili wa kampuni. Mwanablogu ana mama yake.

Ndiyo maana kesi muhimu za miaka hii ni za watu walioposti. Geoffrey Andare alishtakiwa chini ya kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kwa maneno aliyoandika mtandaoni. Akaipeleka serikali mahakamani, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akatupa kifungu hicho kwa kuwa kilikuwa kipana na chenye ukungu kiasi kwamba mtu hangejua amekosa wapi. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya makosa ya mtandao, 2018, yenye faini ya hadi shilingi milioni tano kwa habari za uongo. Chama cha wanablogu, BAKE, kikaenda kortini, vifungu 26 vikasimamishwa, kisha mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaviruhusu. Jirani zetu Tanzania walitumia njia ya Moi: mwaka 2018 walitaka mwanablogu alipie leseni, jumla ikifika kama shilingi milioni mbili za kwao. Ni ile dhamana ya 2002, imevaa suti mpya.

Na Juni 2025, Albert Ojwang. Alikuwa mwalimu, miaka 31. Alikamatwa Homa Bay tarehe 7 kwa sababu ya posti zilizomhusu naibu mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na asubuhi ya tarehe 8 alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia. Maafisa kadhaa wakashtakiwa kwa mauaji.

Vichwa vya habari vilimwita "bloga". Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Mwalimu anayeandika kuhusu nchi yake, neno hilo moja linamtoa kwenye ukumbi wa wenye kadi na kumweka uani. Sisemi magazeti yalikuwa na nia mbaya. Mengi yaliifuata kesi ile kwa bidii, na bila waandishi wenye kadi waliosimama nje ya mochari huenda hadithi ya ukuta ingebaki. Posti ndiyo iliyomweka hatarini, makala ndiyo yaliyokataa uongo upite. Zilihitajiana, lakini aliyezikwa alitoka upande mmoja.

Kwa hivyo nikipata kazi siku hizi, maneno mia sita kwa mteja wa mbali kuhusu magodoro au bima, naandika anavyotaka. Posti ni posti. Lakini nikiandika kwa jina langu, sijali sana itaitwaje. Najali vitu vinne. Msomaji ajue nani anasema. Ajue nimejuaje. Nikibadilisha kitu baada ya kuchapishwa, niseme nimebadilisha, maana posti ina ugonjwa wa kujifuta kimyakimya na gazeti la jana haliwezi. Na mtu niliyemtaja apate nafasi ya kunijibu, pahali palepale niliposemea. Vitatu vya kwanza nimeviazima kwa magazeti. Cha mwisho kimetoka ukurasa wa barua, na blogu ndizo zilizokirudisha.

Makala haya yamepitia kwa mhariri. Mara mbili ameniandikia pembeni "tarehe?", mara moja "nani anasema?". Hajanigusa pale nilipoongea kama mimi. Jarida halina mtambo, halina milioni ya dhamana, na mwanya wa majibu uko wazi hapo chini. Mkitaka iiteni posti.